Kochi la Kuazima

Siku afisa wa ustawi wa jamii alipokuwa anakuja kuupima umaskini wao, Mama Redio aliamka alfajiri, akasali, kisha akaenda kuazima kochi.

Chumba chao kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Upande mmoja kitanda, upande wa pili godoro la Bibi, ambalo mchana lilisimamishwa ukutani kama mtu aliyeadhibiwa. Viti havikuwepo. Waliketi juu ya ndoo mbili zilizopinduliwa, na ndoo zikihitajika kwa maji, walisimama. Sasa mgeni wa ofisi, mwenye mafaili, angekaa wapi? Mama Saluni, msusi wa ng'ambo ya njia, akatoa kochi lake la watu wawili linalokaliwa na wateja. Mwalimu mstaafu wa chumba cha jirani akatoa saa yake ya ukutani. Mlinzi wa chumba cha mwisho akatoa chupa ya chai na vikombe vitatu, akasema, "Lakini saa sita navitaka, naingia zamu."

"Mama Redio, huyu mtu anakuja kuona kwamba hatuna," mumewe alimwambia, wakihangaika kuliingiza kochi mlangoni. "Sasa tunamwonyesha nini?"

"Anakuja kuona kama unahitaji cherehani. Hakusema anakuja kukagua aibu zetu. Inua upande wako."

"Mgeni haketishwi chini," alisema Bibi kutoka nyuma ya pazia. Alikuwa mama mzazi wa mume, na mambo ya heshima ya nyumba aliyachukulia kama kazi yake. "Sikuolewa na baba yako ili wageni wangu wakalie ndoo."

"Kwani sisi tunakalia nini, mama?"

"Sisi si wageni."

Mume huyo alikuwa fundi viatu, na watu wote, hata mama yake, walimwita Fundi. Miezi minne iliyopita mtaro wa sokoni uliziba kwa udongo ulioachwa na wajenzi wa barabara. Mvua iliponyesha, maji yalijaa kwenye vibanda usiku kucha, na cherehani yake ya kushonea viatu ikalala ndani ya tope siku tatu. Haikuamka tena. Tangu hapo alishona kwa mkono. Kiatu kilichokuwa kazi ya dakika tano kikawa kazi ya saa nzima, na wateja hawana saa nzima. Mama Redio akaanza kufulia watu nguo. Sabuni ilimchubua vidole, lakini alifua huku akiimba nyimbo za ibada, na waliomsikia walidhani mambo si mabaya.

Ofisi ya ustawi ilikuwa na vitendea kazi kwa kaya tatu tu. Kaya kumi na moja ziliomba. Afisa angepita nyumba kwa nyumba, na Ijumaa kamati ingeamua. Ndiyo maana asubuhi ile Mama Redio alisali mara mbili, na ndiyo maana binti yao alipewa onyo kali. Binti huyo, wa miaka tisa, aliitwa Redio kwa sababu tangu ajue kusoma hakunyamaza tena. Alisoma mabango, alisoma mifuko ya saruji, alisoma magazeti yaliyofungiwa vitunguu, yote kwa sauti.

"Leo umezimwa," mama yake alimwambia. "Umesikia?"

"Ndiyo, mama."

"Hata habari za saa."

* * *

Saa nne Fundi aliinua kichwa. "Mgeni huyo anakuja. Kiatu chake cha kushoto kimeachia soli."

"Umemwona?"

"Nimemsikia."

Aliingia binti wa miaka ishirini na kitu, amevaa koti zuri la rangi ya kahawia, jasho likimtiririka. Pikipiki ya ofisi ilikuwa haina mafuta mwezi wa pili sasa, naye alikuwa ametembea tangu asubuhi. Alimwamkia Bibi shikamoo, akakaribishwa kwenye kochi. Alipoketi, kwa haraka aliurudisha mguu wa kushoto nyuma, chini ya kochi, na haukuonekana tena.

Chai ikamiminwa. Mama Redio alimwona mgeni akikitazama kikombe, akaitazama saa, akapapasa kitambaa cha kochi, naye moyoni akamshukuru Mungu. Hakujua kwamba kwenye ile fomu kochi lilikuwa alama tatu, saa ya ukutani alama mbili, na chupa ya chai alama moja. Kaya ikizidi tano, haina uhitaji.

Afisa naye alikuwa anawaza yake. Asubuhi hiyo alikuwa ameshaingia nyumba nne. Katika mbili walificha redio kitandani, na katika moja walimficha mbuzi, mpaka mbuzi mwenyewe alipoita. Hawa wameona hata kuficha ni kazi, aliwaza.

"Swali la kumi na nne," alisema. "Sababu kuu ya umaskini wa kaya. Nachagua moja tu. Nawasomea: uvivu, ulevi, ukosefu wa elimu, kuzaa bila mpango, kutokuweka akiba."

Wakatazamana.

"Maji," alisema Fundi.

"Maji hayamo, baba."

"Mtaro uliziba, maji yakaingia kwenye cherehani…"

"Nimekusikia. Lakini hilo ni tukio. Swali linataka sababu." Afisa alikunja sura kwa upole, kama mtu anayerudia jambo aliloambiwa kwenye semina. "Mvua ilinyesha kwa wote. Kuna waliosimama tena na kuna walioanguka. Tofauti inaanzia hapa." Akagusa paji la uso. "Mimi mwenyewe sikutoka juu. Nimejituma."

"Basi andika huruma," Mama Redio alisema. "Huyu bwana ukimletea kiatu na shida zako, anashona kiatu na pesa anakusamehe. 'Utaleta siku nyingine.' Hiyo siku nyingine haijawahi kufika kwetu."

"Majirani hao!" Fundi alijitetea.

"Ndiyo. Tumezungukwa na majirani."

"Mimi nasema ni kupanga tu kwa Mungu," alisema Bibi, "ila Mungu alipopanga, mtaro alimwachia mtu wa barabara, na huyo mtu hakupanga."

Hapo mlango ukagongwa. Mwalimu mstaafu akachungulia, miwani puani. "Endeleeni, endeleeni. Nimekuja kuangalia saa tu." Akaitazama ukutani. "Saa nne na nusu. Ahsanteni." Akaondoka.

Afisa akamtazama Mama Redio. Mama Redio akatazama chai.

Maswali yakaendelea. Afisa aliandika, akajumlisha, akajaza mstari wa chini. Redio alikuwa amesimama nyuma ya kochi tangu mwanzo, midomo ameibana kwa mkono. Lakini maandishi mapya mbele ya macho yake yalikuwa kama maandazi ya moto. Mkono ukateleza.

"Jumla, alama sita," alisoma kwa sauti nzuri ya taarifa. "Kaya haistahili."

* * *

Sasa ndipo Mama Redio alipoelewa. Neno moja lingeweza kuwaokoa: si vyetu. Lakini neno hilo ni zito kwa mtu aliyeamka alfajiri ili lisisemwe. Alifungua mdomo, akamwona mama mkwe akimkonyeza asiseme, akaufunga. Akajilaumu moyoni: Ee Mungu, nilikuomba heshima, nikasahau kukuomba cherehani.

"Dada yangu," alianza, "hivi vitu…"

"Mama, sijaja kugombana," alisema afisa. "Kuna watu hawana hata pa kuketi."

"Hodi!" Mlangoni walisimama wasichana wawili wa saluni, mikono imejaa mafuta ya nywele. "Mama Redio, samahani. Bibi harusi amekuja leo badala ya kesho, na amekuja na shangazi zake sita. Wamesimama tu kule kama wako kwenye foleni. Mama Saluni anasema kochi lirudi."

"Mgeni atasimama kidogo tu," alisema wa pili kwa adabu. "Si tunaliinua hivi hivi."

Afisa akasimama. Kochi likainuliwa, likapinda mlangoni, likakwama, Fundi akaenda kusaidia kwa mazoea, likatoka. Kabla vumbi halijatulia, mlinzi akaingia amevaa sare, akainua chupa ya chai, akaitikisa. "Haijaisha? Malizeni, malizeni, nina dakika mbili." Akasimama hapo akisubiri vikombe. Nyuma yake mwalimu mstaafu akarudi. Dawa zake alizinywa kwa saa, akaeleza, na kwenda na kurudi kumemchosha, afadhali aichukue. Akapanda kwenye ndoo, akaiteremsha saa, akawatakia mchana mwema.

Kilichobaki ni pazia, godoro lililoadhibiwa, ndoo mbili, na afisa katikati ya chumba akiwa na kikombe mkononi. Mlinzi alikipokea kwa mikono miwili na kushukuru.

"Mmenidanganya," alisema afisa. "Mnajua kanuni inasemaje? Kaya ikitoa taarifa za uongo inafutwa kabisa. Si mwaka huu tu. Kabisa!"

"Hatukutoa taarifa," alisema Mama Redio, na machozi yalikuwa karibu. "Hukuuliza ni vya nani. Tulitaka tu usikalie ndoo."

Fundi hakuwa anasikiliza. Aliinama. Kochi lilipoondoka, mguu wa kushoto wa afisa ulibaki wazi, na kiatu kilikuwa kimeachama kuanzia kidole gumba hadi katikati, kimefungwa kwa mpira wa kufungia pesa.

"Umetembea nacho hivi tangu lini?"

Afisa akaurudisha mguu nyuma, lakini hapakuwa na kochi tena. "Juzi," alisema.

"Kivue."

"Baba, siwezi. Nikihudumiwa bure kwenye nyumba ninayoikagua, hiyo inaitwa rushwa."

"Basi utalipa. Kivue, kitakuangusha."

Ndipo simu yake ikaita. Ilikuwa simu ya zamani, yenye spika mbovu isiyojua kunong'ona. "We!" sauti ya mwanamke ilijaza chumba. "Koti langu vipi? Nina kikao saa nane! Na usilichafue, hatuna lingine!"

"Nakuja nalo, dada," afisa alijibu taratibu, akakata.

Wa kwanza kucheka alikuwa Bibi. Alicheka bila sauti, mabega yakipanda na kushuka, mpaka akashika godoro. Mama Redio alijikaza, akashindwa. Fundi akaweka kiganja usoni. Na afisa, aliyekuwa amesimama kwa mguu mmoja katika koti la mwenzake, alijaribu kubaki na hasira yake, lakini ikamtoroka.

"Ofisini tunalo moja," alisema akifuta macho. "Anayekwenda kwa wananchi ndiye anayelivaa."

"Kwa nini?" aliuliza Redio.

"Ili wananchi watuheshimu."

"Karibu ukae, mwanangu," alisema Bibi, akampindulia ndoo. "Sasa umekuwa wa nyumbani."

* * *

Fundi alikaa kizingitini penye mwanga, akapitisha sindano yake nene na uzi uliopakwa nta. Kazi ilipoanza, mikono yake haikuhitaji maneno. Afisa aliitazama kutoka kwenye ndoo.

"Posho hatujapata miezi mitatu," alisema baadaye, bila kuulizwa. "Si kwamba nimeshindwa kununua viatu. Mfumo una matatizo. Karatasi zimekwama juu."

Mama Redio alikuwa anakunja pazia. Alisema bila ukali, karibu akitabasamu, "Kumbe ya kwako ni mfumo, dada. Ya kwetu ndiyo iko hapa." Akagusa paji la uso.

Afisa akafungua mdomo kujibu. Alikuwa na majibu, alifundishwa majibu ya wiki mbili nzima. Akatazama kiatu chake mikononi mwa mtu aliyekaa tangu asubuhi akisubiri kuitwa mvivu au mlevi.

"Mimi namwombea kila siku huyo aliyeacha udongo," Fundi alisema akivuta uzi. "Nimeomba Mungu amsamehe. Lakini pia nimeomba aje auzoe."

Kiatu kikaisha. Afisa alipekua mkoba, akapata nusu ya bei. Fundi alianza, "Aa, utaleta siku nyi…" na mke wake akakohoa. Afisa akatoa hiyo nusu, akataka stakabadhi ili jambo liwe safi. Mwandiko wa Fundi haukusomeka hata na Fundi, kwa hiyo Redio alikimbilia daftari lake, akaandika, akachana karatasi, akaikunja mara nne. Afisa aliibana kwenye fomu bila kuifungua. Alikuwa anawahi kurudisha koti.

* * *

Ijumaa, mwenyekiti wa kamati, mzee mnene mwenye kupenda mambo yaishe mapema, alifika kwenye fomu ya Fundi, akasimama.

"Hapa swali la kumi na nne umekata majibu yote. Umeandika kwa mkono: 'Mtaro uliziba, cherehani ikaharibika.' Hii si sababu, binti. Hawa wanahitaji semina. Wabadilike kifikra."

"Mheshimiwa, tukiwapa cherehani, hiyo sababu imekwisha. Tukiwapa semina, itabaki palepale."

"Na una uhakika gani kwamba ni mchapakazi? Wote husema hivyo."

"Kuna stakabadhi. Ameshona kiatu changu mwenyewe."

Mwenyekiti akaikunjua, akasoma kwa sauti. "'Mteja: Afisa. Kazi: kiatu cha kushoto kilichoachama. Amelipa: nusu. Sababu: ndiyo aliyokuwa nayo. Posho imekwama juu. Asante na karibu tena.'"

Afisa alitamani sakafu ifunguke. Wajumbe walitazama meza. Kisha yule dada mwenye koti, aliyekaa pembeni, akaanza kukohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi, na meza nzima ikaangua kicheko. Mwenyekiti peke yake hakucheka. Aliigeuza stakabadhi, akaigeuza tena, akauvuta mguu wake wa kulia chini ya kiti.

"Kiatu chenyewe kiko wapi?" aliuliza.

Afisa akaunyoosha mguu. Mwenyekiti aliinama kwa shida, akavuta soli kwa kucha. Haikusogea. Akavuta tena.

"Hm," alisema, akachukua kalamu.

* * *

Wiki mbili baadaye cherehani ilifika juu ya mkokoteni, imefungwa kamba. Mama Redio alikuwa amefagia na kusali, na safari hii hakuazima kitu. Ndoo mbili zilipinduliwa, basi. Fundi alikuwa ndani aliposikia hatua njiani.

"Anakuja," alisema. "Leo vyote viwili vinasema lugha moja."

Afisa aliingia bila koti, akaketi kwenye ndoo kabla ya kukaribishwa. Mwalimu mstaafu alichungulia kwa mazoea, akatazama ukuta mtupu, akacheka, akaenda zake kwenye saa yake. Redio, aliyewashwa tena, alisoma hati ya makabidhiano kutoka juu hadi kwenye muhuri, hata jina la kiwanda kilichochapa karatasi. Bibi alishukuru Mungu kwa sauti, kwa kirefu, akimtaja pia mtu wa barabara, na wote wakaitikia amina.

Kisha afisa akaufungua mfuko aliokuja nao. Ulikuwa na jozi sita za viatu.

"Vya ofisi," alisema. "Posho bado, lakini tumechanga. Hivi vikubwa ni vya mwenyekiti."

Fundi alivigeuza. "Soli imelika upande mmoja."

"Huyo anaegemea," alisema Bibi.

Fundi alivipanga mbele ya cherehani mpya, jozi kwa jozi, akapitisha uzi, akajaribu gurudumu. Lilizunguka bila kelele. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudishiwa sauti. Alimgeukia afisa, furaha imemjaa, akasema, "Waambie wasijali kabisa, watalipa siku nyi…"

"Fundi!" wakasema wote wanne kwa pamoja, na sauti ya Redio ndiyo iliyofika saluni.